Jibu la Arobaini na Tano

Swali lilikuwa hivi. Treni ya mizigo inatoka stesheni moja kwenda nyingine, umbali wa kilomita sitini. Kwenda imejaa shehena na inapanda mlima, kwa hivyo mwendo wake ni kilomita thelathini kwa saa. Kurudi mabehewa ni matupu na inateremka, mwendo kilomita sitini kwa saa. Je, mwendo wake wa wastani kwa safari nzima ni kilomita ngapi kwa saa?

Baba alisema arobaini. Mimi nikasema arobaini na tano.

Katika daftari hili nimeandika karibu kila kitu tangu nilipoingia kidato cha kwanza, hata mambo ya kijinga ambayo nikiyasoma sasa natamani kuyachana. Hili la baba nimelipita mwaka mzima. Nilikuwa nikiandika jana yake, halafu kesho yake, lenyewe naliacha. Leo naliandika kwa sababu nimechoka kulizunguka.

Tunakaa Makongeni, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba ni shanta. Shanta ndiye anayeunganisha na kutenganisha mabehewa kule yadi. Anasimama kati ya behewa na behewa, injini inayasukuma polepole yakutane, na yeye anafunga kile kiungo cha chuma kwa mikono yake. Akichelewa kidogo, au dereva akisukuma zaidi ya alivyoashiriwa, basi. Mama hakuwahi kulalamika kuhusu kazi hiyo, lakini baba akirudi kutoka zamu, mama alikuwa akiangalia mikono yake kwanza, ndipo amwangalie uso.

Baba alitaka kuwa gadi. Gadi hukaa kwenye behewa la mwisho la treni na bendera yake na filimbi yake, anaandika treni imefika saa ngapi na kuondoka saa ngapi. Hasimami kati ya chuma na chuma. Ili uwe gadi ulitakiwa upite mtihani wenye sehemu mbili: sheria za reli, na hesabu za mwendo. Ukianguka moja umeanguka zote. Na kulikuwa na kikomo cha umri. Mwaka jana ndio uliokuwa wa mwisho kwa baba. Mwaka uliofuata wasingemruhusu hata kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Sheria za reli alizijua kama anavyojua njia ya kwenda choo. Alichoogopa ni hesabu. Baba aliachia masomo darasa la saba, zamani zile, na mimi nilikuwa kidato cha tatu, na fizikia ilikuwa mojawapo ya masomo niliyoyapata vizuri. Siku moja akaja na karatasi za maswali ya miaka iliyopita, akaziweka mbele yangu mezani.

"Mwalimu," akasema, "nisaidie."

Lazima niseme ukweli kuhusu neno hilo, kwa maana ndilo lililoniharibu. Shuleni mimi si mtu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo kichwani lakini sauti haitoki, na ikitoka inatoka ndogo hadi darasa zima linageuka kuangalia ni nani. Mwalimu wa fizikia aliwahi kuniambia, "Wewe, dawati limesikia, sasa tuambie na sisi." Walicheka wiki nzima. Halafu hapa nyumbani mtu mzima, baba yangu, ananiita mwalimu, ananipisha kwenye kiti kizuri na yeye anaketi kwenye kigoda. Nilipenda. Nilipenda mno.

Tulikuwa tukisoma Jumamosi mchana akiwa hana zamu, na Jumapili tukitoka kanisani. Tulikaa nje mlangoni kwenye mwangaza. Watoto wa ploti walipita wakirusha mpira wa karatasi, na mama alikuwa kando na jiko lake akipika, akisikia kila kitu na kujifanya hasikii.

Nilianza na vitu vyepesi. Mwendo ni umbali gawanya kwa muda. Hapo hakuna shida, baba alifanya maswali kumi bila kukosea. Nikamfundisha tofauti ya umbali na mhamo. Mhamo ni neno ninalotumia mwenyewe. Shuleni tunalisema kwa Kiingereza. Maana yake ni umbali wa moja kwa moja kutoka ulipoanza hadi ulipoishia, pamoja na upande uliokwenda. Ukitoka nyumbani kwenda Makadara na kurudi, umbali wako ni kwenda na kurudi, lakini mhamo wako ni sifuri, kwa sababu uko palepale. Na ukigawanya sifuri kwa muda wowote unapata sifuri. Kwa hivyo kasi yako ya wastani, ile yenye mwelekeo, ni sifuri pia.

Baba akaweka kalamu chini.

"Yaani miaka yote hiyo niko yadi, nikipeleka mabehewa huku na kuyarudisha kule, hesabu yenu inasema sijaenda mahali?"

"Ndivyo, Baba."

"Mama watoto, umesikia? Mtoto wako anasema mimi sijawahi kutoka nyumbani."

"Kama hujatoka, mbona viatu vinaisha?" mama akajibu bila kugeuka.

Tulicheka sana siku hiyo. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Jumamosi iliyofuata tukafikia lile swali la treni. Nilimwachia alifanye peke yake kwanza. Hakuandika chochote. Aliangalia juu, midomo ikicheza, kisha akasema, "Arobaini."

Nilikuwa tayari na jibu langu. Katika daftari langu la fizikia kulikuwa na fomula: mwendo wa mwanzo jumlisha mwendo wa mwisho, gawanya kwa mbili. Nilikuwa nimeipigia mstari mwekundu, mara mbili. Juu yake kulikuwa na sentensi inayosema kwamba fomula hii ni ya kitu kinachoongeza mwendo wake sawasawa, kidogo kidogo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sentensi hiyo sikuipigia mstari. Niliinakili tu kutoka ubaoni, mkono ukikimbia, na sikuirudia kuisoma.

"Hapana, Baba. Thelathini na sitini ni tisini. Gawanya kwa mbili. Arobaini na tano."

"Hapana, mama. Angalia." Baba huniita mama akitaka kunieleza kitu taratibu, kwa kuwa nilipewa jina la mamake. "Kwenda ni kilomita sitini, kwa thelathini. Hiyo ni saa mbili. Kurudi ni sitini kwa sitini, saa moja. Zote ni saa tatu. Kilomita ni mia na ishirini. Mia na ishirini ukigawia saa tatu ni arobaini."

"Lakini fomula inasema arobaini na tano."

"Fomula haijapanda huo mlima. Hii thelathini imekaa saa mbili nzima. Sitini imekaa saa moja peke yake. Utazipimaje sawa?"

Hapa ndipo ningependa kurudi, kama mtu angeweza kurudi. Kwa sababu nilimwelewa. Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Kitu fulani kilinigusa kifuani, kikaniambia huyu mzee anasema jambo la maana. Lakini mama alikuwa anasikiliza, na mimi nilikuwa nimekalia kile kiti kizuri.

"Baba, hiyo ni hesabu ya kienyeji," nikasema. "Wanaosahihisha wanataka fomula."

"Lakini treni..."

"Hatuzungumzi mambo ya treni. Tunazungumza fomula."

Mama akacheka kule kwenye jiko. "Mwachie mtoto afundishe. Wewe shule ulitoka lini?"

Baba akatabasamu, akachukua kalamu. Akaandika fomula yangu kwenye karatasi yake, kwa zile herufi zake kubwa zilizosimama wima, halafu akaandika arobaini na tano na kuichorea mstari chini. Maswali mengine mawili ya aina hiyo akayafanya vilevile, bila kubisha.

Jumatatu shuleni nilimwonyesha swali msichana ninayeketi naye dawati moja. Yeye hesabu si zake lakini mdomo anao.

"Mbona unaniuliza mimi? Si umuulize odijo?" Odijo ndiye mwalimu, kwa lugha yetu ya mtaani. "Ama unadhani atakumeza?"

"Nitamuuliza."

"Utamuuliza na sauti gani? Hiyo ya panya?"

Mwalimu alikuwa amesimama pale mlangoni, hatua kama sita kutoka kwangu, akifuta chaki mikononi. Nilikuwa na daftari limefunguliwa ukurasa wenyewe. Nilichotakiwa ni kusimama na kusema maneno manne au matano. Nikangoja atoke kwanza, nimfuate nje ambako hakuna watu. Alipotoka, alikutana na mwalimu mwingine wakaondoka wakizungumza. Nikafunga daftari. Siku iliyofuata sikujaribu. Nilijiambia, kama fomula haikuwa sahihi, mwalimu asingeiandika ubaoni.

Mtihani wa baba ulikuwa Ijumaa. Alivaa koti la harusi na tai ambayo jirani alimfungia, jirani ambaye naye alikuwa akienda mtihani huohuo. Huyo jirani ni shanta kama baba, na wao wawili ni bakoki, yaani walitahiriwa msimu mmoja huko kwetu magharibi, na tangu hapo wanaitana hivyo kuliko kuitana kwa majina. Waliondoka pamoja kwa miguu, wakipita kando ya ukuta wa reli, makoti yao yote mawili yakiwa makubwa mabegani. Mama aliwasindikiza kwa macho hadi wakakata kona.

Aliporudi nilimuuliza, "Ilikuwaje, Baba?"

"Ilikuja kama ulivyofundisha. Tatu nzima."

Nikafurahi. Niliandika hivyo humu daftarini siku ile: *maswali matatu yamekuja, asante Mungu.* Maneno hayo bado yapo, kurasa nyingi nyuma.

Siku nne baadaye mwalimu wa fizikia akaandika swali ubaoni. Mtu anatembea kilomita kumi na mbili kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa, anarudi kwa baiskeli kwa mwendo wa kumi na mbili kwa saa. Tutafute mwendo wa wastani. Nikaandika tisa, haraka, kabla ya kila mtu.

"Waliopata tisa, mikono juu."

Mikono mingi ikainuka. Wangu ulikuwa nusu, kama kawaida.

"Haya, huyu mtu alitembea kwa miguu saa ngapi?"

"Mbili!" darasa likajibu.

"Na baiskeli je?"

"Moja!"

"Sasa, enyi watu wa tisa, saa mbili za miguu na saa moja ya baiskeli mnazipimaje sawa?" Akageuka ubaoni. "Umbali wote ni ishirini na nne. Muda wote ni saa tatu. Jibu ni nane. Ile fomula ya kugawanya kwa mbili nilisema ni ya nini? Nilisema ni ya kitu kinachoongeza mwendo sawasawa! Niliandika hapa hapa!"

Yalikuwa ni maneno ya baba. Mnazipimaje sawa. Karibu neno kwa neno, ila baba aliyasema akiwa kwenye kigoda, akiwa na shule ya darasa la saba. Machozi yakadondoka kwenye ile tisa yangu. Msichana wa dawati langu akaninong'oneza, "Sasa wewe unalia kwa sababu ya baiskeli?"

Nilijipa moyo njia nzima ya kurudi. Labda hakutumia yangu. Labda huko ndani alikumbuka ya kwake. Baba si mtu wa kukubali kitu asichokiamini. Nilipofika nyumbani sikuuliza.

Matokeo yalitoka baada ya wiki kadhaa, yakabandikwa kule kazini. Baba alipita sheria za reli, akaanguka hesabu za mwendo. Jirani alipita zote mbili.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama, jirani alikuja kwetu. Hakuja kujigamba, alikuja kwa huzuni kwelikweli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliketi akakataa chai, halafu akaikubali.

"Bakoki, mimi sielewi," akasema. "Sielewi kabisa. Yale maswali matatu ya kwenda na kurudi, si ni wewe ulinifundisha? Pale yadi, tumekalia gunia? Ulisema hesabu kilomita zote, hesabu saa zote, gawanya. Nimeandika vile ulisema. Vile vile! Sasa mwalimu anaangukaje na mwanafunzi anapita?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikipiga pasi sketi ya shule. Pazia letu ni jepesi. Nilimwona baba akigeuka kidogo kuelekea upande wangu, kisha akarudisha uso.

"Nilichanganyikiwa, bakoki. Kichwa kilikuwa kizito siku hiyo."

"Wewe? Uchanganyikiwe na hesabu ya saa?"

"Ndio hivyo. Uzee."

"Uzee gani na sisi ni rika moja?"

"Basi wangu umenifikia mapema. Kunywa chai, inapoa."

Mama alimwangalia baba, halafu akaangalia pazia. Yeye pia alikuwa pale Jumamosi ile. Yeye ndiye aliyesema mwachie mtoto afundishe. Hajawahi kulitaja hadi leo, nami sijawahi kumuuliza. Pasi iliunguza sketi na nilivaa hivyo, na alama yake, hadi mwisho wa muhula.

Jirani akaanza kusafiri na treni. Baba akaendelea na yadi. Maneno ya kupunguza wafanyakazi yalikuwa yameanza kusikika, na watu walisema watakaoguswa kwanza ni wa yadi. Kila mara baba akitoka kwenda zamu, nilijiambia leo akirudi nitamwambia. Akirudi alikuwa amechoka, au kulikuwa na wageni, au mimi nilikuwa na kazi ya shule. Sababu hazikosekani kwa mtu anayezitafuta.

Nilimwambia likizoni, mchana wa Jumapili. Alikuwa pale kwenye bomba la ploti akifua ovaroli lake mwenyewe, kwa sababu grisi ya mabehewa huharibu nguo nyingine na hataki mama ahangaike nayo. Hakukuwa na mtu mwingine kwenye foleni.

"Baba, ile hesabu ya treni. Jibu lilikuwa arobaini."

"Najua."

"Mimi ndiye nilikosea."

"Najua, mama."

"Ulijua lini?"

Alikamua mguu mmoja wa ovaroli, maji meusi yakatiririka kwenye mtaro. "Nilijua siku zote. Kule ndani niliandika arobaini kwanza. Na zile zingine pia niliandika kwa njia yangu. Halafu msimamizi akasema zimebaki dakika kumi. Nikaziangalia. Nikasema, sasa mimi ni wa darasa la saba, na huyu msichana ni wa fomu tatu, anasoma kwa vitabu. Nani anajua kati yetu? Nikafuta."

"Zote tatu?"

"Zote."

Nikaanza kulia. Yeye hakuniambia ninyamaze. Alisubiri, mikono ikiwa ndani ya povu, halafu akasema, "Mwenye kalamu nilikuwa mimi. Wacha."

Nilifikiri nikishamwambia ningepumzika. Watu husema hivyo kanisani, kwamba ukikiri unapumzika. Labda ni kweli kwa makosa mengine.

Mwezi uliopita nikafanya jambo. Sijui kama lilikuwa zuri. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni na maswali ya likizo, na baba alikuwa karibu akisubiri saa ya zamu ya mchana. Nikaandika swali langu mwenyewe: treni inakwenda kilomita mia na ishirini kwa mwendo wa arobaini kwa saa, inarudi kwa mwendo wa sitini. Wastani? Kisha nikaandika jibu: hamsini. Nilikosea makusudi. Nilitaka anibishie. Nilitaka aseme "Hapana, mama, angalia," nimwache ashinde, nimpishe kiti.

"Baba, hebu nikague hapa."

Alichukua daftari, akaliweka mbali kidogo na macho kama anavyofanya siku hizi. Kidole chake kikashuka na mistari. Niliona midomo yake ikicheza: tatu, mbili, tano. Kidole kikafika kwenye hamsini kikasimama. Kilisimama muda mrefu. Alikuwa ameliona, nina hakika kabisa alikuwa ameliona.

Akanirudishia daftari. "Iko sawa."

"Umeangalia vizuri?"

"Wewe ndiye uko shule."

"Baba, ni arobaini na nane."

"Basi andika arobaini na nane," akasema, na akainama kufunga kamba za viatu.